Mama Generosa na Njia ya Mchanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi ya pili ya mwezi. Sesilia Nkwabi anatoka stoo ya hospitali akiwa na reki begani na ndoo ya maji mkononi. Juu ya sare yake ya bluu amefunga kanga ili sare isilowe. Hana haraka. Kazi hii ameifanya kwa miaka minne, na anaijua kama anavyoijua njia ya kwenda nyumbani kwake.

Kwanza hunyunyiza maji kwa kiganja, kidogo kidogo, kama mtu anayetuliza vumbi kabla ya kufagia. Kisha hurudi kinyumenyume akivuta reki, kutoka mlango wa chumba namba tatu hadi kwenye bomba la maji. Ni mita kumi na mbili za mchanga wa mto, zilizozungushiwa tofali za kuchoma. Akimaliza, mchanga unakuwa umelala kama shuka lililopigwa pasi, na hakuna anayeruhusiwa kuukanyaga mpaka mgonjwa wa kwanza aitwe.

Leo ndoo inatua chini kabla hajachota. Mchanga umeshakanyagwa.

Siyo mbwa wa mlinzi, wala kuku wa jirani ambao humkasirisha kila wiki. Ni nyayo za mtu, miguu mitupu. Pembeni, mbele ya tofali la kwanza, kuna alama mbili za buti za mpira zimekaa sambamba, kana kwamba mwenyewe alizivua kwa adabu kabla ya kuingia ndani ya nyumba ya watu.

Sesilia aliusawazisha mchanga huo jana jioni. Kwa hiyo mtu huyu alipita usiku au alfajiri, wakati hospitali imelala.

Kuna kanuni kwa ajili ya jambo kama hili, na aliyeidai iwekwe ni yeye mwenyewe: aliyepita bila kuitwa hasomwi. Anatakiwa avute reki papo hapo na asiangalie.

Anasimama, reki mkononi. Anaangalia.

“Nilijiambia sekunde mbili tu,” anasema baadaye, akitabasamu kwa aibu. “Lakini macho yangu hayajui kusubiri ruhusa.”

*

Sesilia ana miaka arobaini na mitatu. Watu wa hapa humwita Mama Generosa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kwenye karatasi za ajira yeye ni mhudumu wa afya, ngazi ya chini kabisa katika hospitali hii ya misheni iliyoko nje kidogo ya mji wa Kahama, upande wa Buzwagi. Anafua mashuka, anasukuma vitanda, anapeleka sampuli maabara.

Lakini kila Alhamisi ya pili ya mwezi anakuwa mtu mwingine. Anakuwa mmoja wa watu watano wa kliniki ya mwendo.

Kliniki hiyo huwapokea watu wenye magonjwa adimu ya ubongo, yale yanayokula mwendo wa mtu taratibu, mwaka baada ya mwaka. Wapo wanaopepesuka. Wapo ambao mikono hucheza bila kutumwa. Wapo wanaoanguka chali bila kujikwaa, na macho yao hayawezi tena kuangalia chini. Wapo thelathini na nne kwenye daftari. Wengine wanatoka Kishapu, wengine Geita, safari ya zaidi ya saa nne barabarani, na karibu wote walipita kwanza kwa waganga wa kienyeji, kwa wachungaji, au kwa ndugu waliosema ni ulevi.

Wanaosema humu wamesomewa walichokisema, nao wamekubali kitajwe.

Anayeongoza ni Daktari Klara, mama mnyamavu anayekuja kutoka Mwanza. Davis ni mtaalamu wa fiziotherapia. Martina ni muuguzi wa kumeza na kula. Juliana ni ofisa ustawi wa jamii. Wa tano ni Sesilia na mchanga wake.

Kinachowashangaza wageni ni kwamba hapa mgonjwa hazungushwi. Anakaa kwenye kiti kimoja, chumba kimoja, na hao watano ndio wanaomfuata. “Mtu anayeanguka kila siku ukamtembeze milango mitano?” anauliza Davis. “Tutakuwa tunamtibu au tunamfanyia mazoezi ya jeshi?”

Na kuna lingine. Wanapoketi mbele ya mgonjwa kusema kila mmoja alichokiona, anayeanza ni yule wa cheo cha chini. Daktari husema mwisho. Daktari Klara aliliweka hilo siku ya kwanza, baada ya kugundua kwamba akishasema yeye, wengine wote wanatikisa vichwa kukubali.

Ndivyo Sesilia, aliyeishia darasa la saba Songwa, alivyojikuta kila mwezi akianza kusema mbele ya daktari bingwa.

*

Mchanga wenyewe ulitokana na swali. Daktari Klara alikuwa akiwasimulia kwamba katika hospitali kubwa za ng'ambo kuna zulia lenye mitambo ndani yake. Mgonjwa akitembea juu yake, kompyuta inaandika kila hatua. Davis akauliza bei. Daktari akaitaja, na watu wakacheka.

Sesilia alikuwa anapanga viti. Akauliza kwa nini wasitumie mchanga.

“Nilidhani wataniona mshamba,” anakumbuka. “Daktari akasema, hebu rudia. Wiki iliyofuata tripu ya mchanga ikamwagwa hapa.”

Kusoma nyayo hakujifunza hospitali. Baba yake alifuga Songwa, kijijini karibu na mgodi wa almasi, na alipata binti wanne mfululizo kabla ya mtoto wa kiume. Kwa hiyo Sesilia alichunga. Akiwa na miaka kumi alijua, kwa kuangalia vumbi la njia ya kunyweshea, ng'ombe yupi anachechemea, yupi ana mimba, na yupi wa jirani amejichanganya kundini.

“Ng'ombe hasemi mguu unauma,” anasema. “Anauandika chini. Na hawa wagonjwa wetu ni hivyo hivyo. Ukimwuliza, atakwambia hajambo, maana amechoka kuonekana mgonjwa. Mchanga haujui kuficha.”

Mgonjwa hupita miguu mitupu hadi bombani, anageuka, anarudi. Sesilia anatembea pembeni yake nje ya tofali, mkono ukiwa tayari kumdaka. Kisha anachuchumaa. Davis anapima kwa futi kamba na kupiga picha kwa simu, ili mwezi ujao walinganishe.

Mtu mzima mwenye afya, Sesilia anaeleza, hugeuka kwa hatua mbili, ikizidi tatu. Nyayo zake hukaa karibu karibu, kama punje mbili za hindi. Ukiona miguu imetanuka, mtu huyo anatafuta mizani. Ukiona kidole gumba kimechora mstari, mguu hauinuki. Nyayo zikiwa fupi na nyingi kama za mtu anayekimbilia kitu, hapo anamwita Davis haraka, kwa sababu huyo ataanguka.

Daktari Klara huwakumbusha wote mpaka wapi mchanga unafika. Hautaji ugonjwa. Wachenjuaji wa dhahabu walioshika zebaki kwa miaka mingi nao hutetemeka na kupepesuka, na ugonjwa wao ni mwingine kabisa, na njia yake ni nyingine. Jibu la ugonjwa wa kurithi hutoka kwenye damu, na damu hiyo hupelekwa mbali, na majibu huchukua miezi. Mchanga unasema tu mguu umefanya nini.

Hata hivyo, kuna siku mchanga ulisema mapema mno, na Sesilia ndiye aliyeusemea.

*

Ilikuwa mwaka wa pili wa kliniki. Alikuja mgonjwa mmoja kutoka upande wa Mwadui, tumwite Mayala, ameletwa na dada yake, tumwite Limi. Mayala alipomaliza kupita, Limi alivua ndala akakatiza mchanga kumpelekea kaka yake chupa ya maji. Hatua kama nane tu.

Sesilia alikuwa amechuchumaa. Bila kuinua kichwa akasema, kwa sauti ileile ya machungani, kwamba hata huyu dada naye kisigino anakiburuta kama kaka yake.

“Nilisema nikicheka,” anasema. Sasa hacheki. “Kama mtu anayesema, huyu ndama ni wa yule dume. Niliona nimegundua kitu.”

Watu wote kwenye benchi waligeuka kumtazama Limi miguuni. Limi akavaa ndala zake. Akamshika kaka yake mkono, wakaondoka kabla Martina hajamfundisha Mayala namna ya kumeza. Hawakurudi. Miezi minane baadaye Martina alipopiga simu, sauti iliyopokea ilisema Mayala ameshazikwa. Alipaliwa na chai.

Sesilia anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

“Hakufa kwa mkono wangu, hilo nalijua. Lakini najua pia kwamba angekuwa anakunywa uji mzito, na huenda angekuwa hai.”

Wiki hiyo alimwendea Daktari Klara akaomba iwekwe kanuni. Katika magonjwa haya ya kurithi, mtoto wa mgonjwa yuko katikati kabisa: huenda amepata, huenda hakupata. Dawa ya kuuondoa ugonjwa haipo. Wapo wanaotaka kujua wayapange maisha yao, wapo wasiotaka kujua waishi kwa amani, na hakuna mwenye haki ya kuwachagulia. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa asisomwe mpaka aombe mwenyewe, kwa kinywa chake. Akikatiza mchanga kwa bahati mbaya, reki ipite nyuma yake mara moja.

Tangu hapo, reki haikai stoo siku ya kliniki. Inakaa mkononi mwa Sesilia.

*

Ndiyo maana asubuhi hii anajiona mkosaji hata kabla jua halijapanda.

Kwa sababu ameshaona. Mtu huyu amepita mara tatu, kwenda na kurudi, jinsi wagonjwa wanavyoelekezwa. Anaujua utaratibu, amewahi kukaa kwenye lile benchi akaangalia. Mara ya kwanza amejitahidi kunyooka. Mara ya pili miguu imeanza kutanuka. Kisigino cha kushoto kimechimba kuliko cha kulia. Pale bombani hakugeuka kwa hatua mbili wala tatu. Amegeuka kwa saba.

Na hapo pembeni ya bomba, mchangani, kuna kiganja. Vidole vitano vimetanuka.

“Aliyeanguka huacha goti,” Sesilia anasema. “Huyu alijishika. Ina maana aliona anguko linakuja. Ina maana siyo mara yake ya kwanza.”

Anavuta reki kuanzia mlangoni. Anafuta nyayo zote, moja baada ya nyingine. Kiganja anakifuta mwisho.

Mlinzi aliyekesha angemwambia ni nani. Hamwulizi. Kwenye banda la ndugu wa wagonjwa wamelala watu kumi na mmoja usiku huo, hachungulii. Siku nzima, anajiapia, atawaangalia watu usoni.

Saa moja na nusu, wakati wa chai na viazi vitamu, anamweleza Daktari Klara kwamba amekuta nyayo. Daktari anauliza kama amemtambua mwenyewe. Anajibu kwamba hajataka kumtambua.

“Basi ibaki hivyo,” anasema Daktari. “Akitaka, mlango anaujua.”

“Na asipotaka?”

“Asipotaka, mwili ni wake, Mama Generosa.”

Martina anamsogezea kiazi. Sesilia hakigusi. Kinachomsumbua siyo kanuni, anasema, kanuni anaikubali. Kinachomsumbua ni kwamba mtu anayetaka kujificha asingekuja kutembea mahali penye kazi ya kuonyesha kila kitu.

“Huyu alikuja kujisoma, au alikuja kusomwa? Hilo ndilo sikulijua. Nikabaki nalo kama punje ya mchanga kwenye jicho.”

*

Saa nne kasoro inaitwa namba sita: Marselino, miaka thelathini na sita, kutoka machimbo ya Nyarugusu, Geita.

Anaingia mgongoni kwa mdogo wake. Kiti cha magurudumu kilipasuka tairi jana stendi, na mdogo wake, Adam, miaka ishirini na saba, amembeba tangu kwenye banda walikolala huku akimwambia kwa sauti kwamba amenenepa, na kwamba mwezi ujao nauli yake atalipishwa ya mzigo.

“Mwangaluka, mayu,” Adam anamsalimia Sesilia Kisukuma, akimwita mama, kisha anaongeza shikamoo.

Sesilia anaitika. Hapo hapo, kabla hajajizuia, jicho limeshashuka. Ni Agosti, ardhi imekauka mpaka imepasuka, na katika watu wote waliokaa kwenye benchi, mmoja tu amevaa buti za mpira.

Anainua macho haraka. Tangu dakika hiyo haangalii tena chini.

Marselino alikuwa msimamizi wa duara, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo lao. Miaka sita iliyopita akaanza kupepesuka. Wenzake wakaona ni pombe, wakamwondoa usimamizi. Baba yao naye alikufa akipepesuka hivyo hivyo, na kijiji kizima kilisema ni mlevi aliyelaaniwa.

“Nilikuwa mlevi pekee Nyarugusu,” anasema Marselino, “ambaye hajawahi kununua bia.” Sentensi hiyo inamchukua muda mrefu. Ulimi wake umekuwa mzito na maneno yanatoka yamevutika. Katika chumba namba tatu hakuna anayemmalizia. Wanangoja. Akifika mwisho wanacheka naye.

Majibu ya damu yake yalitoka miezi miwili iliyopita: ugonjwa wa kurithi, unaoharibu sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Daktari Klara aliwaeleza wote wawili, akaeleza pia kuhusu watoto wa mgonjwa na kile kiasi cha nusu kwa nusu. Siku hiyo Adam aliuliza swali moja tu, kuhusu bei ya kiti cha magurudumu.

Adam bado anachimba. Hushuka duarani kwa kamba, mita arobaini, mguu ukipapasa vijiti vya ukutani. Wiki hii amepumzika ili amlete kaka yake. Jumatatu anarudi kushuka. Na mwezi ujao anaoa. Ng'ombe kumi na wawili wameshapelekwa Bukombe kwa wakwe, na Marselino hachoki kumkumbusha kwamba wanane kati yao walikuwa wake.

Yote haya Sesilia anayasikia wakati Juliana akiandika. Anahesabu moyoni: Jumatatu ni siku nne.

*

Kazi inaendelea. Davis anapima nguvu ya magoti. Martina anampa Marselino uji vijiko vitatu, mwepesi kisha mzito, ameweka vidole kooni mwake, akisikiliza sauti isibadilike. Kwenye mchanga Marselino anapita akishikwa na watu wawili, hatua kumi tu, na Sesilia anazisoma kwa utulivu: mwezi uliopita mguu wa kulia uliinuka, leo umeburuta.

Adam amesimama nje ya tofali. Mara mbili Sesilia anamwona akiutazama mchanga pale karibu na bomba.

Kisha wanarudi ndani, viti vinapangwa duara. Ni wakati wa kila mmoja kusema, na kama kawaida Daktari Klara anamtazama Sesilia aanze.

Sesilia anaigeuza reki mikononi. Davis anamtania kwamba leo Mama Generosa amekula kiazi kikamkwama.

“Sikula kiazi,” anajibu. Kisha anasema jambo ambalo hajawahi kulisema katika miaka minne. Anasema wamezoea kwamba aanze mdogo, na siku zote mdogo wanamhesabu kuwa ni yeye. Lakini yeye ana sare, ana kiti chake, jina lake limo kwenye ratiba ukutani. Humu ndani kuna mtu ambaye hana hata kimoja, na huja kila mwezi kutoka Geita na mtu mgongoni, na hakuna aliyewahi kumpa zamu.

“Leo nampisha Adam aanze,” anasema.

Daktari Klara anamwangalia. Kisha anaweka kalamu chini.

“Sikumwambia kitu, na sikumwonyesha kitu,” Sesilia anaeleza baadaye, kana kwamba bado yuko mbele ya hakimu. “Nilimpisha tu. Angetaka kusema habari za tairi, angesema za tairi.”

Na Adam anaanza na tairi. Anasema fundi wa baiskeli Nyarugusu anaweza kuziba lakini hana kiraka cha saizi ile. Anasema kaka yake anakataa uji mzito akisema ni chakula cha watoto. Anasema usiku Marselino hupiga teke. Anauliza kama ni kweli dada yao aliyeko Kahama hawezi kupatiwa zamu ya kumtunza. Anarudi tena kwenye tairi. Juliana anaandika yote. Hakuna anayemkatiza, wamezoea kungoja maneno yanayochelewa, ingawa ya Adam hayachelewi. Yanakimbia, yanazunguka.

Anapoishiwa, anasema basi, ni hayo tu.

Ndipo Marselino anapoanza.

“Asubuhi,” anasema. Wanangoja. “Ulitoka.” Wanangoja tena. “Nilikuwa macho.”

Adam anaangalia buti zake.

“Ulirudi,” Marselino anasema, “una mchanga. Mkononi.”

*

Ukimwuliza Sesilia anatarajia nini, huwa anaanza na mambo madogo. Anataka paa la mabati juu ya njia yake, maana masika mvua huuharibu mchanga na kliniki huhamia koridoni. Mwaka huu amejiandikisha masomo ya jioni ili afanye mtihani wa kidato cha nne, akiwa na binti aliyekwisha kumaliza chuo anayemsahihishia hesabu. Baadaye, Davis amemwahidi kumsaidia kuomba kozi ya wasaidizi wa fiziotherapia.

Kubwa zaidi hulisema kwa sauti ya chini. Anataka njia kama hii iwepo katika zahanati za machimboni, Geita yote, kwa mchanga na tofali na mtu mmoja anayejua kuchuchumaa. Anadhani watu wengi wanaoitwa walevi wangesomwa mapema.

“Lakini wafundishwe na kufuta,” anasema. “Kusoma ni rahisi. Mimi nilichukua miaka kujifunza kufuta.”

Katika chumba namba tatu, hata hivyo, hakuna anayemwuliza mipango yake. Wote wanamngoja Adam.

Adam amenyoosha mkono wa kulia, anautazama upande wa ndani kana kwamba mchanga bado upo. Kisha anainua kichwa, na hamtazami daktari. Anamtazama mwanamke mwenye reki.

“Mayu, nani aliyefagia mchanga leo asubuhi?”

“Ni mimi, mwanangu.”

“Ulikuta nini?”

Sesilia anamgeukia Daktari Klara. Daktari hatikisi kichwa, wala haitiki. Anamwachia.

“Nilikuta umekanyagwa,” Sesilia anasema. “Nikaufuta.”

“Hukuangalia?”

“Niliangalia. Nilikosea, naomba unisamehe. Sijamwambia mtu nilichokiona, na sitamwambia. Hata wewe sikwambii, mpaka uniombe.”

Dirisha liko wazi, na benchi zima la wagonjwa huko nje linasikia. Adam anainama. Anavuta buti ya kwanza, kisha ya pili, anaziweka sambamba ubavuni mwa kiti cha kaka yake. Marselino ananyoosha mkono unaocheza, anautafuta mgongo wa mdogo wake mara moja, mara mbili, anaupata ya tatu.

“Zile nyayo zilikuwa zangu,” Adam anasema. “Nilitaka nione mwenyewe kwanza, nikashindwa kuona kitu, niliona mashimo tu. Jumatatu nashuka duarani, mwezi ujao naingiza mtoto wa watu nyumbani. Sitaki yeye ajue kwa kuniona naanguka. Naomba nipite tena, safari hii mkiwa mnaangalia. Naomba mnisome.”